CRP imepanda kidogo na fizi zinatoa damu: vipimo vya damu vinajua nini kuhusu kinywa?

Mtu amepima afya, na kwenye karatasi ya majibu CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, imeandikwa miligramu 4 kwa lita. Hana homa, hakohoi, mkojo uko safi. Daktari anamuuliza kuhusu viungo, tumbo, mapafu, kidonda chochote kisichopona. Swali ambalo mara nyingi halifiki ni lile la kawaida kabisa: ukipiga mswaki, unatema damu?

Swali hilo linastahili kuulizwa. Ugonjwa mkali wa fizi hauishii kinywani. Dalili zake husomeka hata kwenye damu iliyochotwa mkononi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo, katika kiwango chake kikali, umewapata watu zaidi ya bilioni 1, yaani karibu asilimia 19 ya watu wazima wote. Tatizo ni kwamba habari hii ikishasambaa hubadilika sura. Mmoja atakwambia fizi mbovu zinaua moyo, mwingine atakwambia upime CRP ujue hali ya fizi zako. Wote wawili wamevuka mpaka wa ushahidi. Damu inaweza kueleza kwamba mahali fulani mwilini kuna mchochota, na kwa kiasi gani. Mahali penyewe haipataji. Ukilishika hilo, mafundo mengi ya mada hii yanafunguka.

Mchochota ni kile kinachotokea kinga ya mwili inapokabiliana na kijidudu au jeraha: mishipa midogo hupanuka, chembe nyeupe hutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama, sehemu inakuwa nyekundu, inapata joto, inavimba, inauma. Kwenye fizi maumivu mara nyingi hayapo kabisa, na ndiyo maana watu huishi na ugonjwa huu miaka na miaka wakidhani damu kwenye mswaki ni jambo la kawaida. Wavutaji wa sigara wana hasara ya ziada: sigara hupunguza kutoka damu kwa fizi, kwa hiyo hata ile ishara moja ya wazi huwapotea huku ugonjwa ukizidi kuchimba.

Twende karibu zaidi na jino. Kati ya ukingo wa fizi na jino lenye afya kuna kijifereji cha kina cha milimita 1 hadi 3. Utando wa bakteria ukikaa hapo bila kuondolewa, fizi huvimba na kuvuja damu. Hatua hiyo huitwa jinjivitisi, na ukisafisha vizuri inarudi nyuma. Kwa baadhi ya watu, hasa wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wale waliorithi udhaifu fulani wa kinga, mambo hayaishii hapo. Nyuzi zinazoifunga fizi kwenye mzizi hukatika, mfupa unaolishika jino huanza kuliwa, na kile kijifereji kinageuka kuwa mfuko wa milimita 5, 6, pengine 8. Sasa ni periodontitisi, na mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi.

Ndani ya mfuko huo ndimo hadithi ya damu inapoanzia. Utando laini wa ukuta wake umekonda na kujaa michubuko midogo midogo. Upande mmoja wa ukuta kuna bakteria kwa mamilioni. Wanaotajwa zaidi ni Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Upande wa pili, umbali usiofika hata milimita moja, kuna mishipa ya damu. Utasoma mara nyingi kwamba ukiikusanya michubuko yote ya mifuko hiyo utapata kidonda cha ukubwa wa kiganja. Maelezo hayo yanavutia, ila yametiwa chumvi. Hujoel na wenzake walipokokotoa eneo hilo, katika makala yao ya mwaka 2001, walipata kati ya sentimita za mraba 8 na 20. Kiganja cha mtu mzima ni kikubwa kuliko hapo mara kadhaa. Bado si haba. Kidonda cha sentimita za mraba 15 kingekaa mguuni miaka 10 bila kupona, hakuna ambaye angekiita kitu kidogo.

Kutoka hapo kuna njia mbili za kuufikia mwili mzima. Ya kwanza ni bakteria wenyewe: mtu akitafuna au akipiga mswaki, baadhi yao hupenya na kuingia kwenye mzunguko wa damu, pamoja na vipande vya kuta zao ambavyo kinga ya mwili huvitambua kama sumu. Kwa kawaida damu husafishwa upesi, lakini zoezi hilo hurudiwa kila siku. Ya pili ni ujumbe. Chembe za kinga zilizojazana kwenye fizi hutoa protini ndogo za kupashana habari, na moja kati ya hizo, intaleukini-6, ina mazoea ya kusafiri mbali. Ikifika kwenye ini, ini hubadilisha ratiba yake ya kazi: hupunguza kwa muda utengenezaji wa baadhi ya protini, albumini ikiwa mojawapo, na kuanza kumwaga nyingine nyingi. Kati ya hizo zinazomwagwa, CRP ndiyo maarufu zaidi.

CRP iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika taasisi ya Rockefeller, New York. Walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia, wakaona kuna kitu ndani yake kinachoshikamana na kemikali moja ya ukuta wa bakteria wa nimonia, kemikali waliyoipa herufi C. Jina la protini likatokana na herufi hiyo. Mwanzoni ilidhaniwa ni kitu cha nimonia peke yake. Baadaye ikajulikana kwamba inapanda kwa karibu kila kitu: maambukizi, ajali, upasuaji, mshtuko wa moyo, ugonjwa wa viungo. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa historia yake, CRP imekuwa ikiwapotosha watu wanaotaka iwaelekeze kwenye ugonjwa mmoja.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Baada ya jeraha au maambukizi huanza kupanda ndani ya saa 6 hivi na kufika kileleni baada ya siku 2, na katika ugonjwa mkali inaweza kuongezeka mara 1,000. Nusu ya CRP iliyopo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19 au hapo karibu, na muda huo haubadilikibadiliki awe mtu mgonjwa au mzima. Maana yake, kiwango kinachosomwa kinategemea karibu kabisa kasi ya ini kuitengeneza. Chanzo kikizimwa, namba hushuka ndani ya siku chache. Ikiendelea kubaki juu mwezi baada ya mwezi, kuna kitu kinachoendelea kuichochea.

Namba hizi hazina maana usipojua mizani yake. Mwaka 2003 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani na chama cha moyo cha nchi hiyo walipendekeza ngazi tatu za kupima hatari ya moyo: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa. Ikizidi 10, hapo kuna uwezekano wa maambukizi au jeraha la karibuni, na ushauri ni kurudia kipimo baada ya wiki 2 hivi. Mgonjwa wa nimonia ya bakteria anaweza kufika 100, 200 au zaidi.

Fizi zinakaa wapi kwenye mizani hiyo? Chini kabisa. Mwaka 2008 Paraskevas na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha wagonjwa wa periodontitisi na watu wenye fizi nzima, wakapata tofauti ya wastani ya miligramu 1.56 kwa lita. Kwa daktari wa wodi ya dharura tofauti hiyo si kitu. Kwa anayepima hatari ya moyo inatosha kumhamisha mtu kutoka ngazi ya wastani hadi ya juu. Namba ni ile ile. Uzito wake unategemea nani anaisoma na kwa sababu gani.

Hapa kuna jambo la kiutendaji ambalo wengi hawaambiwi. Vipimo vya CRP ni vya aina mbili. Kile cha kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya kukamata maambukizi makubwa, na baadhi ya maabara hukiandika tu “chini ya 5” bila namba kamili. Kipimo hicho hakiwezi kuiona athari ya fizi, kwa sababu mchezo wote unachezwa chini ya mstari wake. Kinachotakiwa ni kile cha unyeti wa juu, kinachoandikwa hs-CRP, ambacho husoma hata sehemu za miligramu moja. Mgonjwa anayeonyeshwa jibu la “chini ya 5” na kuambiwa kwamba mwili wake hauna mchochota wowote ameambiwa zaidi ya kile ambacho kipimo kimesema.

CRP haiko peke yake. Fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda, hupanda pia kwa wagonjwa wengi wa fizi. Ndiyo hiyo inayofanya chembe nyekundu zishikamane kama sarafu zilizopangwa na kushuka haraka kwenye mrija wa maabara, jambo linalopimwa kwa ESR, kipimo cha zamani na cha bei nafuu lakini kizito kubadilika: kinaweza kubaki juu wiki kadhaa baada ya tatizo kwisha, na upungufu wa damu, umri na ujauzito vyote hukivuruga. Chembe nyeupe huwa juu kidogo, hasa zile za mstari wa mbele zinazoitwa nyutrofili, ingawa mara nyingi hubaki ndani ya mipaka ya kawaida na hakuna anayeshtuka. Intaleukini-6 yenyewe hupimwa zaidi kwenye utafiti kuliko kliniki.

Feritini inahitaji tahadhari. Watu wanaijua kama kipimo cha akiba ya madini ya chuma, lakini ni protini nyingine inayopanda wakati wa mchochota. Intaleukini-6 huliamuru ini litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga milango ya madini ya chuma: yaliyomo kwenye chakula hayapiti vizuri, na yaliyohifadhiwa hayatoki. Mchochota ukidumu, mtu anaweza kuwa na hemoglobini ya chini kidogo huku feritini yake ikionekana nzuri. Kwa baadhi ya wagonjwa wa periodontitisi kali hali hiyo imeonekana, kwa kiwango chepesi. Haitoshi kuzilaumu fizi kwa kila upungufu wa damu, ila inatosha kueleza kwa nini feritini haipaswi kusomwa bila CRP pembeni.

Sasa tuje kwenye mvurugano wenyewe. Ukimchukua mtu mmoja mwenye CRP ya 4 na fizi mbovu, huwezi kujua ni kiasi gani cha hiyo 4 kimetoka kwenye fizi. Mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, ni kiwanda cha intaleukini-6 chenye nguvu. Kwa baadhi ya makadirio, karibu theluthi ya intaleukini-6 inayozunguka kwenye damu hutoka huko. Sigara hupandisha CRP. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha. Mafua ya juzi hupandisha. Dawa za statini za kushusha lehemu huishusha, na dawa zinazozuia intaleukini-6, wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa viungo, huifuta karibu kabisa hata kama fizi zinawaka. Kinachoongeza ugumu ni kwamba unene, sigara na kisukari huandamana na ugonjwa wa fizi. Watu wenye fizi mbovu mara nyingi ndio hao hao wenye sababu nyingine tatu za kuwa na CRP ya juu.

Watafiti hujaribu kuzitenganisha sababu hizo kwa hesabu. Slade na wenzake, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 wa takwimu za afya za taifa la Marekani, waliona kwamba wenye mifuko mingi ya fizi walikuwa na CRP ya wastani iliyozidi ya wenye fizi nzima kwa karibu theluthi moja, na tofauti haikufutika baada ya kuhesabu mambo mengine. Mimi nauamini uhusiano huo. Umejirudia katika makundi mengi mno ya watu kuwa bahati tu. Lakini wastani wa kundi ni wastani wa kundi. Ndani yake kuna watu wenye mifuko ya milimita 7 na CRP ya 0.6, na wengine wenye fizi safi na CRP ya 5. Ndiyo maana kutumia CRP kama kipimo cha fizi ni kazi bure. Daktari wa meno akitaka kuujua ugonjwa huo huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha polepole kando ya jino, sehemu 6 kwa kila jino. Kwa mtu mwenye meno 28 hiyo ni mara 168, kila mara akitaja namba kwa sauti na kuangalia kama damu imechomoza. Ni kazi ya kuchosha, na haina mbadala kwenye maabara ya damu.

Njia bora ya kupima kama fizi ndizo zinazochangia ni kuzitibu na kuona namba zinafanya nini. Hapa matokeo yanaanza kwa mshangao: kwanza mambo yanakuwa mabaya zaidi. Katika jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2007, Tonetti na wenzake waliwagawa watu 120 wenye periodontitisi kali katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa usafishaji wa kawaida. La pili lilitibiwa kwa nguvu: ugaga ulikwanguliwa hadi chini ya fizi kwa ganzi, meno yasiyookoka yaking'olewa, na dawa ya antibayotiki ikawekwa ndani ya mifuko. Saa 24 baadaye, CRP na intaleukini-6 za kundi la pili zilikuwa zimeruka juu. Mishipa yao nayo ilikuwa imezubaa. Watafiti waliipima kwa kuufunga mkono kwa mkanda wa presha kwa dakika chache, kuuachia, kisha kuangalia kwa mashine ya mawimbi ya sauti jinsi mshipa mkubwa wa mkono unavyopanuka damu inaporudi kwa kasi. Siku moja baada ya matibabu ulipanuka kidogo kuliko wa kundi la kwanza. Miezi 6 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka: waliotibiwa kwa nguvu walikuwa na mishipa inayopanuka vizuri zaidi, na kadiri fizi zilivyopona ndivyo mishipa ilivyonufaika.

Mruko wa siku ya kwanza unaeleweka. Kukwangua mifuko kunatibua bakteria na kuwasukuma kwenye damu, na nyama zenyewe zimejeruhiwa. Kwa hiyo kupima CRP wiki hiyo hiyo ya kusafishwa fizi ni kujitafutia wasiwasi. Muda wenye maana ni miezi 2 hadi 3, ambapo pia daktari wa meno hurudi kupima kina cha mifuko.

Je, baada ya muda huo CRP hushuka? Kwa wastani, ndiyo, kidogo. Katika mkusanyo ule wa Paraskevas, upungufu baada ya matibabu ulikuwa miligramu 0.50 kwa lita. Ukiulinganisha na ile 1.56 utaona kwamba pengo halikuzibwa lote. Inawezekana fizi hazikupona zote, na inawezekana pia sehemu ya pengo haikuwa ya fizi tangu mwanzo. Jaribio la Marekani la mwaka 2009, la watu 303 wenye ugonjwa wa moyo, lilitoa dokezo: unene ulizima faida ya matibabu ya fizi kwenye CRP. Mtu mwenye chanzo kikubwa cha mchochota tumboni hatauona upungufu mkubwa kwa kukizima kidogo cha kinywani.

Kutoka hapa watu hurukia moyo, na hapo ndipo pa kusimama kwanza. CRP inapobashiri mshtuko wa moyo, haimaanishi kwamba CRP ndiyo inayousababisha. Wanasayansi walilithibitisha hilo kwa njia ya akili sana: kuna watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowapa CRP ya juu maisha yao yote. Kama CRP ingekuwa mkosaji, watu hao wangepata magonjwa ya moyo zaidi. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba hawapati. Lakini waliorithi mabadiliko yanayodhoofisha ujumbe wa intaleukini-6 wana hatari ndogo ya moyo. Kisha mwaka 2017 jaribio lililoitwa CANTOS, la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, lilionyesha kwamba dawa inayozuia intaleukini-1 beta, protini nyingine ya ujumbe wa mchochota, ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikihesabiwa pamoja, bila kugusa lehemu. Mchochota wenyewe, basi, una mkono katika ugonjwa wa moyo. CRP ni taarifa tu ya mchochota huo. Dawa hiyo iliwaletea pia baadhi ya watu maambukizi yaliyowaua, jambo linalokumbusha kwamba kinga haizimwi bure.

Je, kutibu fizi kunazuia mshtuko wa moyo? Mwaka 2012 chama cha moyo cha Marekani kilipitia ushahidi na kusema uhusiano upo, hata ukiondoa sababu zinazofanana, ila hakuna uthibitisho kwamba fizi ndizo chanzo wala kwamba kuzitibu kunazuia ugonjwa wa mishipa. Jaribio la kulijibu swali hilo lingehitaji maelfu ya watu wafuatiliwe kwa miaka mingi, huku nusu yao wakinyimwa matibabu ya fizi wanazojua ni mbovu. Nani angeidhinisha? Mtu anayekuuzia dawa ya kusukutua kinywa kwa ahadi ya kulinda moyo anakwenda mbele kuliko chama cha moyo chenyewe.

Kwenye kisukari ardhi ni imara zaidi. Uhusiano unakwenda pande zote mbili: sukari ya juu huifanya kinga ya fizi iwake kupita kiasi, na mchochota wa fizi huufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini. Kipimo kinachofuatwa hapa ni HbA1c, wastani wa sukari wa miezi 2 au 3. Mwaka 2013 jaribio kubwa la Marekani la watu 514 halikuona faida yoyote ya kutibu fizi, na wengi wakataka kuifunga kesi. Wakosoaji walipofungua takwimu waliona kwamba baada ya matibabu utando na damu vilikuwa bado vimejaa vinywani mwa wagonjwa. Fizi hazikuwa zimepona, sasa sukari ingeshukaje? Mwaka 2018 D'Aiuto na wenzake, London, wakawagawa watu 264 katika makundi mawili, wakalitibu moja kwa ukamilifu na kuwafuatilia wote mwaka mzima. HbA1c ya waliotibiwa hivyo ilikuwa chini kwa asilimia 0.6 kuliko ya kundi la kulinganisha. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalipata upungufu wa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Kiasi hicho kinakaribiana na kile ambacho baadhi ya madaktari hukipata kwa kuongeza dawa ya pili.

Kuna eneo jipya ambalo mimi nalifuatilia kwa hamu kuliko hayo yote. Mwaka 2022 kundi la mtafiti Hajishengallis lilichapisha kazi waliyofanya kwa panya. Panya walisababishiwa periodontitisi, na mabadiliko yakaonekana mbali kabisa, kwenye uboho wa mifupa ambako chembe za damu huzaliwa. Chembe mama zilikuwa zimezoeshwa kuzaa chembe nyeupe zenye hasira kuliko kawaida. Walipouhamishia uboho huo kwa panya wenye fizi nzima na kisha kuwachokoza viungo, panya hao waliugua viungo vibaya zaidi. Panya si watu, na safari bado ni ndefu. Ila kama jambo hilo lina mfano wake kwa binadamu, basi linaeleza kwa nini CRP inaweza isishuke yote hata fizi zinapopona: uboho unakuwa bado na kumbukumbu.

Mwenye kusisimka kupita kiasi na atazame nyuma kidogo. Mwaka 1910, mjini Montreal, daktari kutoka Uingereza, William Hunter, alihutubia wanafunzi wa tiba akidai kwamba usaha wa kinywani ndio mama wa magonjwa mengi ya mwili. Wazo halikuwa la kipuuzi, lakini lilikimbia mbele ya vipimo. Kwa miongo miwili watu walivuliwa meno mazima kwa matumaini ya kuponywa viungo, tumbo, hata akili. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa meno, na wasipopona akahamia kuwapasua matumbo, na wengi walikufa. Hakukuwa na makundi ya kulinganisha, wala kipimo cha kuonyesha kwamba kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kinasumbua.

Leo hs-CRP imepewa mahali pake kwa adabu zaidi. Katika mfumo mpya wa kuainisha periodontitisi uliotangazwa mwaka 2018, ugonjwa hupangwa kwa hatua 4 kufuatana na uharibifu na kwa madaraja A hadi C kufuatana na kasi yake. Kinachoamua ni mfupa uliopotea, mifuko, sigara na kisukari. Hs-CRP imetajwa pembeni, kwa ngazi zile zile za 1 na 3, kama taarifa ya mzigo wa mchochota mwilini.

Kwa mwenye ile CRP ya 4, basi, mpangilio ni huu. Kwanza irudiwe wakati hana mafua wala jeraha, kwa kipimo cha hs-CRP. Ikibaki juu, daktari aangalie uzito, sigara, sukari, dawa anazotumia na viungo, na katika orodha hiyo hiyo aweke kinywa: aende akapimwe mifuko, hata kama hakuna kinachouma. Mifuko ikipatikana itatibiwa kwa sababu meno yanaweza kung'oka, na sababu hiyo inatosha. Damu irudiwe miezi 3 baada ya usafishaji wa mwisho. Ikishuka kutoka 4 hadi 3.5, huo ndio ukubwa wa mabadiliko ambao tafiti zimetuzoesha kuutarajia. Isiposhuka huku fizi zimepona, chanzo kikuu kiko kwingine na utafutaji unaendelea.